Kamba ya Mafundo Manane

Mwaka wa saba tangu lambo letu lianze kushika maji, tulipima kina chake kwa kamba. Nilikuwa nimeifunga mafundo manane, kila nusu mita fundo moja, na jiwe mwishoni. Lambo lilipojaa kwa mara ya kwanza, mafundo yote manane yalizama pale karibu na tuta. Safari hii yalizama matano tu, kisha kamba ikalegea mkononi mwangu. Nilidhani jiwe limetua juu ya kisiki. Tukausogeza mtumbwi, tukapima tena. Matano. Tukausogeza tena. Matano kasoro.

Mzee aliyekuwa akipiga kasia akaniambia, "Katibu, acha kupima. Umeshaona."

Nilikuwa katibu wa kamati ya lambo tangu wakati tuta bado ni vigingi vilivyochomekwa ardhini. Nilibeba udongo wa mfinyanzi wa kujazia msingi wake. Niliandika kwenye daftari majina ya wote waliobeba pamoja nami, na siku ambazo kila mmoja alifika. Kwa hiyo niliporudi nchi kavu sikuwa na hamu ya kuongea na mtu. Nilikaa kwenye tuta na kalamu yangu nikapiga hesabu.

Wajenzi wa malambo madogo wana njia fupi ya kukadiria ujazo. Unachukua upana wa maji kwenye tuta, unazidisha kwa umbali ambao maji yamerudi nyuma, unazidisha kwa kina cha pale penye kina kirefu zaidi, kisha unagawa kwa 6. Upana wa letu ni mita 120, maji hurudi nyuma mita 300, na kina kilikuwa mita 4. Hizo ni mita za ujazo 24,000. Ukiweka mita 2.5 mahali pa 4, zinabaki 15,000. Zaidi ya theluthi ya lambo ilikuwa imegeuka udongo, na hakuna aliyekuwa ameona, maana kwa juu maji yalitandaa vilevile kama zamani. Wageni walisimama pale pale nilipokaa wakasema mna maji mengi nyie.

Kutandaa kule ndiko kulikotupumbaza. Jua haliangalii kina, linaangalia uso wa maji. Kwenye nchi ya joto na ukavu, maji yaliyo wazi hupoteza milimita 5 hadi 8 kwa siku. Chukua 6. Kwenye hekta moja hizo ni lita 60,000 kila siku. Ng'ombe mmoja wakati wa joto hunywa lita kama 40, kwa hiyo kila hekta ya maji jua linakunywa sehemu ya ng'ombe 1,500. Lambo letu likijaa hukaribia hekta mbili. Sisi tulikuwa tukishikana mashati kwa zamu za ng'ombe mia nne! Katika miezi sita ya kiangazi jua peke yake huondoa zaidi ya mita moja ya maji. Lambo la mita nne linabaki na karibu tatu. Lambo la mita mbili na nusu linabaki na moja na kitu, na hapo hakuna aliyechota hata ndoo. Miaka miwili mfululizo letu lilikuwa limekauka kabla ya mvua kurudi, na miaka yote miwili tuliilaumu mvua.

*

Nilipopewa ukatibu niliamini kwamba jirani wa lambo ni yule anayechota. Daftari langu lilikuwa na kaya za pale kando tu: wafugaji, wenye bustani chini ya tuta, kina mama wa ndoo, wavuvi wachache. Watu wa mlimani hawakuwamo. Wao wana chemchemi yao na hawakuhitaji kushuka kwetu. Watu wa bondeni, kilomita kadhaa chini ya tuta, nao hawakuwamo. Tulisema maji yetu hayawafikii, basi wana shauri gani?

Kamba ile ndiyo iliyotupandisha mlimani kwa mara ya kwanza. Tulikwenda watu sita, na sina budi kusema ukweli, tulikwenda kushtaki. Njiani tulikuwa tumeona wenyewe: mashamba yamelimwa kutoka juu kwenda chini, kila mfereji wa jembe umekuwa njia ya maji, na makorongo mawili yamefunguka kama midomo, yote yameelekea kwetu. Mwenyekiti wetu alisimama mkutanoni akaeleza habari ya mafundo matano. Alisema mnatuletea udongo wenu, mnatuulia lambo.

Watu walinyamaza. Kisha bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, amejitanda kanga yake, akaomba nafasi. Hakusimama. Alisema, "Wanangu, mmekuja kutudai. Huo udongo uliojaa kwenye lambo lenu ni shamba langu. Nililirithi likiwa jeusi. Sasa hivi jembe likishuka linagonga mawe. Mnadhani mimi napenda liondoke? Kama mmeliona limefika kwenu, nirudishieni."

Nimehudhuria mikutano mingi, na nimeandika kumbukumbu nyingi ambazo hata mimi mwenyewe sitazisoma tena. Maneno yale niliyaandika kama yalivyotoka. Tulikuwa tumepanda na mashtaka, tukakuta mwenzetu naye amefiwa na kitu kilekile. Mvua moja ilikuwa inamnyang'anya shamba yeye na kututia udongo sisi. Mwenyekiti alikaa chini. Alikuwa mtu mkali, lakini alikaa.

Msimu uliofuata tulipanda tena, safari hii na majembe. Tulitumia pima ya fundi mwashi iliyofungwa katikati ya kamba kati ya fito mbili zenye urefu sawa. Unatembea na fito hizo ukitafuta mahali ambapo povu linasimama katikati, unachomeka kigingi, unasogea. Ukiunganisha vigingi hivyo unapata mstari ambao maji hayana pa kukimbilia. Kwenye mistari hiyo tulichimba makinga maji, udongo tukautupa upande wa juu, na juu yake wenye mashamba wakapanda majani ya kulishia mifugo. Kwenye makorongo tulipanga mawe kuwa vizuizi vifupi, kimoja baada ya kingine, katikati pamebonyea ili maji yapite hapo na yasichimbe kingo. Vizuizi viwili vya kwanza vilibomolewa na mvua ya wiki ileile kwa sababu tulivijenga juu juu, bila kuvizamisha kwenye ardhi. Tulivijenga upya.

Kazi ilikwenda misimu mitatu. Watu wetu wengi walinung'unika kwamba wanalima mashamba ya wenzao, na sikuwa na jibu zuri zaidi ya kuwapeleka kwenye korongo baada ya mvua kuona mchanga uliolala nyuma ya mawe. Mchanga ule ulisema vizuri kuliko mimi. Kila uliolala pale, kwetu haukufika.

Baadaye nilikuja kusoma habari za malambo ya vijiji vya Sri Lanka, ambako watu wamekuwa wakiyajenga kwa mafungu, moja likimwagikia jingine, kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Juu ya lambo wao huacha mkanda wa miti unaopunguza upepo usikaushe maji, na ukanda wa majani wanaouita perahana unaochuja tope. Juu zaidi huchimba vishimo vidogo, godawala, vya kunasa udongo kabla haujafika. Niliposoma nilisikia furaha na uchungu pamoja. Sisi tulichimba lambo tukaona kazi imekwisha ukingoni mwa maji. Wenzetu walihesabu mlima mzima kuwa ni lambo.

*

Watu wa bondeni walitufuata wenyewe.

Kila lambo la udongo lina utoro, ile njia ya pembeni ya kutolea maji yaliyozidi. Sakafu ya utoro iko chini kuliko mgongo wa tuta, kwetu kwa mita moja, ili mafuriko yapite huko na yasipande juu ya tuta. Tuta la udongo likipandiwa na maji halina muda mrefu. Maji yakishuka upande wa nje yanauchimba, shimo linarudi nyuma kuelekea lamboni, na saa chache baadaye hakuna tuta. Nilijua hayo. Aliyetusimamia ujenzi alitueleza mara nyingi.

Mwaka wa nne samaki waliongezeka, na kila mvua kubwa wengi walitoka na maji kupitia utoroni. Vijana wakachomeka fito pale, wakazifuma kwa matawi, maji yapite samaki wabaki. Nilipita, nikaona. Niliona kuwa ni akili, na ni riziki yao, nikaendelea na safari yangu. Sikuandika chochote kwenye daftari.

Misimu miwili ilipita salama. Msimu wa tatu mvua ilinyesha siku mbili bila kukatika. Usiku wa pili mlango wangu uligongwa na mwanamume ambaye sikumfahamu, amelowa hadi mifupani. Alikuwa ametoka bondeni kwa miguu, gizani, kupandisha mto. Alisema, "Mto wetu hauongezeki. Mvua yote hii na mto hauongezeki. Nimekuja kuwauliza maji yako wapi."

Sijasahau nilivyoganda nilipolielewa swali lile. Tulikimbia. Utoroni takataka zote za mlimani, magogo, mabua, majani, zilikuwa zimenasa kwenye fito na kuwa ukuta. Maji hayakuwa na pa kutokea. Kwenye tuta, pale ng'ombe walipozoea kuvukia na kupabonyeza, yalibaki kama shubiri moja tu yavuke. Wengine walijaza magunia udongo wakaziba pale palipobonyea. Vijana walewale waliofuma fito walijifunga kamba viunoni wakaingia utoroni kuzing'oa, na sisi tukawashikilia kutoka kingoni. Ilipong'oka ya nne, ukuta wote uliondoka na maji kwa mshindo. Mmoja alivutwa na mkondo, kamba ikamrudisha. Tuta lilisimama.

Asubuhi yule mgeni alikuwa bado yupo, amekaa amejifunika gunia. Mwenyekiti alimshukuru, akamwambia kwa kumtuliza kwamba tuta ni imara. Akajibu, "Mzee wangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyinyi mnalala juu ya maji. Sisi tunalala chini yake. Mvua ikinyesha watoto wetu tunawalaza na nguo." Miaka yote ile walikuwa wakilala hivyo, na katika kamati hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kuna bwawa la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, lililokuwa mali ya klabu ya matajiri waliolitumia kwa uvuvi na mapumziko. Kwenye utoro wake waliweka vyavu vya chuma ili samaki wasitoke. Mgongo wa tuta ulikuwa umeshushwa ili magari ya farasi yapite, na mabomba ya kutolea maji chini yalikuwa yameondolewa bila kurudishwa mengine. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, takataka zilinasa kwenye vyavu, maji yakapanda juu ya tuta, tuta likaondoka. Mafuriko yalishuka bondeni hadi mji wa Johnstown, kama kilomita 23 chini yake, yakaua watu zaidi ya 2,200. Nilisoma habari hiyo miaka mingi baada ya usiku wetu, na nilisimama kusoma kwa muda. Vyavu vya samaki, mgongo uliobonyea kwa njia. Vitu vilevile viwili. Tofauti yetu na wao ilikuwa mtu mmoja aliyeshangaa mto wake mbona hauongezeki.

Tangu hapo watu wa bondeni wana wajumbe wawili kwenye kamati, na kazi yao kubwa ni ukaguzi wa tuta. Hawahitaji kuhimizwa. Kabla ya kila msimu wa mvua wanatembea upande wa nje, kuanzia juu hadi kitako, kwa miguu mitupu ili wasikie unyevu. Wanang'oa kila mche wa mti, hata ule mzuri wa kivuli, maana mizizi hupenya tuta na ikifa inaacha mirija ya maji. Majani mafupi yanaachwa, yanashika udongo. Mashimo ya panya na ya mchwa yanachimbwa na kushindiliwa upya. Na chini kwenye kitako pana mahali panapochuruzika maji kidogo tangu siku ya kwanza. Wajumbe wale huyakinga kwenye chupa nyeupe na kuyatazama juani. Yakiwa maangavu, tunaandika na kuendelea kuangalia. Siku yatakapokuwa na vumbi la tope ndani yake, ina maana tuta linatoka kidogo kidogo kwa ndani, na siku hiyo hatutangoja kikao. Ng'ombe hawavuki tena juu ya tuta. Tulichimba birika la kunyweshea upande wa nje, maji yanafika kwa bomba, na hilo likatuondolea pia kinyesi na kwato lamboni.

Habari ya birika ilileta ugomvi wake. Kijana mmoja aliendelea kuingiza mifugo majini kama alivyozoea, na kamati, ikiwa bado na woga wa usiku ule, ilimtoza siku thelathini za kazi kwenye tuta. Ukoo wake wote ukajitoa. Kaya kumi na moja ziliacha kuja kazini, na mifugo yao ikaendelea kunywa, tena usiku. Tuliomba radhi, ikatuchukua karibu mwaka. Sasa kosa la kwanza ni kuitwa na kuongea, la pili siku moja ya kazi, na linapanda polepole. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii za nchi nyingi zilizodumu na mifereji yao, misitu yao na malisho yao kwa vizazi. Aliona kuwa palipodumu, adhabu huanza ndogo na kukua kulingana na kosa, na wanaolinda ni watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Natamani ningelijua hilo kabla ya zile kaya kumi na moja.

Nitaje na kichocho, kwa kifupi, kwa kuwa mtoto wangu mwenyewe alikojoa damu. Mayai ya minyoo huingia majini kwa mkojo au kinyesi cha mgonjwa, vijidudu vinavyoanguliwa vinakua ndani ya konokono, kisha vinatoka na kupenya ngozi ya anayeoga. Hutibika kwa prazikwanteli. Lakini ukitibiwa na kurudi kuoga palepale, unaambukizwa tena. Tulijenga vyoo mbali na maji, tukafyeka magugu ya ukingoni ambamo konokono hukaa, na kina mama wakachagua wenyewe mahali pa kufulia kwenye maji ya bomba. Watoto bado huogelea. Hatujaweza kuwazuia wote, na kila ninapowaona majini moyo wangu hautulii.

*

Kiangazi cha mwaka jana lambo lilibaki dimbwi dogo karibu na tuta, na sehemu kubwa ya sakafu ikawa wazi, imepasuka vipande vipande. Tukaamua kuchimba udongo. Tuliacha safu ya mfinyanzi ya chini, inayozuia maji yasinywewe na ardhi, na hatukugusa karibu na kitako cha tuta. Swali likawa udongo tuutupe wapi. Ukiulundika kingoni, mvua inaurudisha.

Nilifungua daftari la mwaka ule wa kwanza mlimani, nikawasomea maneno ya bibi.

Mikokoteni ilipanda wiki tano. Udongo wa lambo ni laini na mweusi, umebeba mbolea yote iliyooshwa mashambani. Si wote waliokubali. Wapo waliosema punda wetu wanachoka kwa ajili ya mashamba ya wengine, na wapo wa mlimani walioogopa kwamba tutakuja kudai mavuno. Mkokoteni wa kwanza ulimwagwa kwenye shamba la bibi yule, chini ya kinga maji lake la pili. Alichukua udongo akaufikicha, akaunusa. Aliuliza, "Ni wote huu?" Tukamwambia bado mwingi.

Mvua zilipojaza lambo mwezi uliopita, tulitoka na mtumbwi. Mjukuu wake ndiye anayewakilisha mlimani kwenye kamati sasa, na safari hii nilimwachia yeye kamba. Akaishusha taratibu, akihesabu kwa sauti. La nne lilizama, la tano likazama. Mtumbwi mzima ulinyamaza. La sita likagusa maji, likalowa, likaenda. La saba lilibaki juu, kiganja kimoja kutoka majini.

"Sita na kitu," akasema, akaniangalia. "Hicho kitu nacho uandike."

Nikaandika.